Busu, Fizi na Vita Usiyoiona

Mwezi huu naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu tunakionea aibu: harufu ya kinywa na fizi zinazotoka damu. Najua unatamani nibaki kwenye mambo ya mahaba. Lakini haya ndiyo mahaba yenyewe! Nawajua wake wanaogeuza shavu kila mume akitaka busu, na waume wanaonunua pipi za mnanaa badala ya kusema. Kimya kinaendelea, penzi linapoa, na fizi zinazidi kuliwa.

Hebu tuone kinachotokea humo ndani. Zaidi ya aina 700 za bakteria zimeshatambuliwa kinywani mwa binadamu, na si wote wabaya. Wengine ni walinzi wako. Mmoja ni Streptococcus sanguinis, miongoni mwa wa kwanza kujibandika kwenye jino likishasafishwa. Akipata oksijeni hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo watu huoshea vidonda. Kwa wengi wa wale wanaobomoa fizi, hiyo ni sumu. Mwaka 1985 Jeffrey Hillman, Sigmund Socransky na mwenzao, huko Boston, Marekani, walieleza kwamba walinzi hawa walionekana zaidi kwenye fizi zenye afya, na walikuwa haba palipo na ugonjwa.

Ila adui naye si mjinga. Yupo anayeitwa Aggregatibacter actinomycetemcomitans (jina refu, samahani!), anayehusishwa na vijana ambao mfupa unaoshika meno huliwa haraka. Huyu anapenda kula asidi inayotolewa na jamaa wa yule mlinzi, lakini peroksaidi inamuunguza. Afanyeje sasa? Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, wakitumia panya, walionyesha kwamba ana kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi, na kingine cha kumbandua ili asogee pembeni kidogo. Anapata msosi bila kuungua. Kama shemeji anayekula kwako kila siku lakini maneno yako hataki kuyasikia!

Mizani inageuka lini? Utando ukijikusanya na kuwa ugaga, fizi huvimba na kuachana na jino, na panabaki kimfuko. Kule chini oksijeni ni kidogo, kwa hiyo silaha ya mlinzi wako inaisha makali. Damu inayovuja nayo inakuwa karamu kwa wabaya kama Porphyromonas gingivalis, wanaohitaji madini ya chuma. Wao na wenzao ndio wanaotoa gesi za salfa, ile harufu yenyewe. Mfupa ukishaliwa meno hulegea, na mfupa huo haurudi wenyewe.

Umeona sasa kwa nini pipi hazisaidii? Hata maji ya kusukutua hayafiki chini ya kimfuko. Kinachosaidia ni kuwarudishia walinzi uwanja wao. Piga mswaki mara mbili kwa siku, pitisha uzi katikati ya meno, na ukiona damu usiache kupiga mswaki, piga taratibu. Kisha nenda kwa daktari wa meno akutoe ugaga, hadi ule wa chini ya fizi. Wavuta sigara muwe macho zaidi, maana sigara hupunguza ile damu, ugonjwa ukaendelea kimyakimya.

Na nendeni wote wawili. Utafiti wa Uholanzi, pia wa mwaka 2014, ulikadiria kwamba busu zito la sekunde 10 linaweza kuhamisha bakteria milioni 80. Usimkimbie mwenzio, wengi wao hawana madhara. Ila bakteria wa fizi nao wanaweza kuhama kati ya wanandoa.

Namna ya kumwambia? Msubiri mkiwa wawili, usimtanie mbele ya watu, na usianze na "unanuka". Mwambie, "Mpenzi, nimepanga twende kwa daktari wa meno Jumamosi, mimi na wewe." Sentensi hiyo moja inaweza kuokoa meno, na ndoa pia.