Kawia Ufike: Jinja hadi Mbale kwa Baiskeli

Mashariki ya Uganda baiskeli ilikuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madebe ya maji na mgonjwa anayepelekwa zahanati. Hata neno bodaboda, ambalo leo hutumika zaidi kwa pikipiki, lilizaliwa mpakani Busia katika miaka ya 1960, wakati vijana walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Kwa hiyo mtu akitangaza kwamba anakusudia kupanda baiskeli kutoka Jinja hadi Mbale kwa siku moja, wenyeji wa huko hawamshangai. Humwuliza tu, "Jua likikuchwea, utalala wapi?" Swali hilo lina hekima kubwa, na yafaa lijibiwe kabla ya safari kuanza.

Askari ndiye anayelihitaji swali hilo kuliko wengine. Mwili wake umezoea mbio na gwaride, naye hudhani kwamba mtu awezaye kukimbia kilomita kumi kabla ya kifungua kinywa hawezi kushindwa na baiskeli. Lakini kukaa juu ya tandiko kwa saa kumi ni kazi ya namna nyingine. Mapafu yake yatakuwa mazima, ilhali magoti, viganja na makalio yanaomba msamaha. Aidha amefunzwa kutorudi nyuma. Tabia hiyo ni sifa njema mbele ya adui, lakini katika barabara kuu, giza linapoingia na malori yanapopita, yaweza kumfanya mke kuwa mjane na watoto kuwa yatima.

NJIA YENYEWE

Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Tirinyi ni takriban kilomita 145. Miji yote miwili imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nayo haitofautiani sana kwa kimo. Msafiri asitazamie milima katika safari hii. Adui zake ni urefu wa njia, jua, upepo na magari.

Sehemu ya kwanza ni ya kama kilomita 40, kutoka Jinja hadi Iganga. Hupita Bugembe na Wairaka, ikaingia katika mashamba ya miwa ya Kakira, kisha Magamaga na Musita. Barabara hupanda na kushuka vilima vidogo vidogo. Hii ndiyo sehemu ya hatari zaidi, kwa kuwa ni njia kuu ya malori yaendayo Malaba na Busia na yale yatokayo bandari ya Mombasa. Mpanda baiskeli ashike upande wake wa kushoto, na asikiapo lori nyuma yake huku jingine likija mbele, ateremke pembeni bila kusubiri honi. Lami ni ya wote kwa mujibu wa sheria, lakini lori la tani nyingi halisimami upesi kwa sababu mtu ana haki.

Mbele kidogo ya Iganga, mahali paitwapo Nakalama, njia ya Mbale huchepuka kushoto, na malori mengi ya mpakani huendelea moja kwa moja kuelekea Bugiri. Hapo msafiri hupumua. Zimebaki kama kilomita 100, na njia hulainika: Namutumba, kisha bonde la mto Mpologoma, jina lenye maana ya simba katika lugha za huko. Bonde hilo ni kinamasi kipana cha mafunjo na mashamba ya mpunga, na maji yake huelekea ziwa Kyoga. Mahali hapo hapana kivuli. Aghalabu jua huwa limefika utosini, na upepo wa kinamasi ukimjia mtu usoni huweza kumfanya adhani breki zimeshika gurudumu. Wengi waliovishinda vilima vya Kakira hushindwa hapa penye tambarare.

Ng'ambo ya mto ni Tirinyi, kisha Budaka na Kamonkoli, na kadiri mtu asongavyo mbele ndivyo ukuta wa Wanale unavyojitokeza juu ya mji wa Mbale, na nyuma yake mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Mlima huo humdanganya msafiri: huonekana karibu kwa muda mrefu kabla hajaufikia.

HESABU YA SAA

Baiskeli ya kawaida isiyo na gia, ile nzito ya kazi, huenda vizuri kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 145 ni saa tisa na dakika arobaini. Ukiongeza mapumziko ya saa moja na dakika arobaini na tano, jumla ni saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Anayeondoka Jinja saa kumi na mbili na nusu asubuhi atafika Mbale karibu na saa kumi na mbili jioni. Katika sehemu hizo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Ni dhahiri basi kwamba akiba yake ni nusu saa, na siku nzuri ni saa moja. Panchari mbili na mvua moja huimaliza akiba hiyo yote.

Asivunjike moyo kwa kujiona mpole. Ufaransa kuna safari mashuhuri ya baiskeli kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1891. Ni kilomita 1,200, na muda mrefu unaoruhusiwa ni saa 90, pamoja na kula na kulala. Huo ni wastani wa kilomita 13 na kidogo kwa saa. Wapandaji hao hawapewi zawadi kwa kumshinda mwenzao. Kila mmoja hushindana na saa yake. Jambo hilo ni tofauti na mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali mwezi Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, ambako mabingwa walipigania medali huku barabara zimefungwa na magari ya msaada yakiwafuata. Kijana aliyeyatazama akavutiwa amefanya vyema. Akumbuke tu kwamba barabara ya Iganga haitafungwa kwa ajili yake.

MAZOEZI NA MATAYARISHO

Majuma manane yanatosha kwa mtu mwenye afya. Katika majuma mawili ya kwanza apande kilomita 20, mara tatu kwa juma. Majuma mawili yafuatayo, moja ya safari hizo iwe ya kilomita 40, na mawili yanayofuata iwe ya 60. Juma la saba aende Jinja hadi Iganga na kurudi, yaani kilomita 80. Kipimo chake ni asubuhi ya pili yake: akiamka akaenda kazini bila kuchechemea, yu tayari. Akichechemea, na arudie. Juma la nane ni la mazoezi mepesi na usingizi.

Kimo cha tandiko hupimwa hivi: mtu akikalia baiskeli na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Tandiko lililo chini mno huumiza magoti, na maumivu hayo huanza kujulikana wakati nyumbani kumekuwa mbali. Mnyororo utiwe mafuta, spoki zikazwe, breki zijaribiwe zikiwa zimelowa. Katika mkoba kuwe na tyubu ya akiba, viraka na solushini, pampu na spana. Taa na kioo chekundu cha nyuma kinachong'aa kwa mwanga wa gari viwepo hata kama mtu ameapa kufika mchana.

Mwili hauna budi kulishwa njiani. Mpanda baiskeli ale kidogo kila saa kabla hajasikia njaa: ndizi mbivu, viazi vitamu vilivyochemshwa, chapati, karanga zenye chumvi. Maji yasipungue nusu lita kwa saa, na jua likiwa kali yazidi. Maji ya kinamasi yasinywewe, hata yakionekana safi.

MPAKA WA KUGEUKA

Yote hayo hayafai kitu ikiwa mtu hajajiwekea mpaka wa kugeuka. Mpaka huo huwekwa nyumbani, akili ikiwa imetulia, nao huandikwa. Kwa safari hii mipaka miwili inafaa. Wa kwanza ni Iganga: asiyefika hapo saa nne asubuhi arudi Jinja, naye atakuwa amefanya zoezi zuri la kilomita 80. Wa pili ni Tirinyi: anayekutwa na saa tisa alasiri kabla hajaondoka hapo alale katika kituo hicho au apandishe baiskeli juu ya gari. Tangu Tirinyi hadi Mbale zimebaki kama kilomita 45, yaani saa tatu na zaidi, na atakayeondoka baada ya saa tisa ataingia Mbale katika giza, mwili ukiwa umechoka na macho yakipofushwa na taa za magari.

Kamanda mwema hupanga njia ya kurudi kabla ya kupanga shambulio, wala hakuna amwitaye mwoga. Hali kadhalika, kushuka na kusukuma si aibu. Mwaka 1954, katika mapigano ya Dien Bien Phu, wachukuzi wa Vietnam walipitisha vyakula na risasi milimani kwa baiskeli zilizobeba zaidi ya kilo 200 kila moja, na wao wenyewe walitembea kando wakizisukuma.

Nyumbani nako kuna sehemu ya kutenda. Mke apewe nakala ya karatasi yenye saa na mipaka hiyo. Na ikiwa mke ndiye msafiri, kwa maana kina mama nao hupanda, mume aishike. Ujumbe wa simu utumwe kutoka Iganga, Namutumba, Tirinyi na Mbale. Saa tisa ikipita bila habari ya Tirinyi, aliye nyumbani ajue la kufanya na nani wa kumwuliza. Mkuu wa kazi pia apewe taarifa, na ruhusa iombwe kwa siku mbili, kwa sababu siku ya pili ni ya mwili kupumzika. Anayesafiri kati ya Agosti na Desemba wa mwaka unaogawanyika kwa mbili afahamu kwamba huo ni msimu wa imbalu, tohara ya Wagisu. Ngoma hujaa barabarani karibu na Mbale, na adabu ni kushuka, kusalimu na kupita kwa miguu.

Baada ya Mbale lipo lengo jingine kwa mwenye kulitamani. Barabara ya Kapchorwa hupanda ubavu wa Elgon hadi maporomoko ya Sipi, mahali palipoinuka zaidi ya mita 1,700. Safari hiyo ni fupi kuliko ya kwanza, lakini hutaka gia, na kwa kuteremka hutaka breki zisizo na shaka. Ingojee mwaka wa pili. Aliyefika Mbale mara moja, akala chakula cha jioni na kuwapigia simu watoto wake kabla hawajalala, ametimiza la mwaka huu. Naye aliyegeukia Iganga ataikuta barabara mahali pake juma lijalo, kwa maana wahenga walikwisha kusema: kawia ufike.