Cheti si ujuzi: tusirudie kosa la 1974

Kumezuka katika maofisi yetu desturi moja ambayo hatuna budi kuipiga vita. Ni desturi ya kumwita kila anayejua kuwasha kompyuta na kubadili wino wa printa "mtaalamu wa TEHAMA", kumkabidhi funguo za chumba cha seva, na kisha viongozi kulala usingizi.

Hivi majuzi mwandishi wa makala hii alikuwa katika ofisi moja ya umma ambayo hakuna haja ya kuitaja. Wananchi walikuwa wamepanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Ilipofika saa nne wakaambiwa mtandao haupo. Mtaalamu akaitwa. Akaizima mashine, akaiwasha; akaizima tena, akaiwasha tena. Alipoulizwa ziko wapi nakala rudufu za kumbukumbu, akajibu kwamba zilihifadhiwa humo humo ndani ya mashine iliyokufa. Kijana yule ana stashahada. Mzee mmoja aliyetoka kijijini kwa basi alirudi kwao na bahasha yake kama alivyokuja.

Tusimcheke kijana yule. Tujiulize, nani aliyemfundisha, na alimfundisha nini? Wapo vijana wetu waliosoma katika vyuo vyenye maabara, wakafunga mitandao kwa mikono yao wenyewe, wakaiharibu na wakaitengeneza. Wapo wenzao, waliosoma miaka ile ile na kupewa cheti chenye jina lile lile, ambao walifundishwa kuandika programu ubaoni kwa chaki na kukariri sehemu za kompyuta kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha. Wote huingia katika usaili mmoja na kugombea nafasi moja. Na siku hizi limeongezeka balaa jingine: asiyejua huiomba akili unde imwandikie programu, akaipachika katika mfumo wa ofisi bila kuielewa. Chombo hicho humwongezea nguvu mwenye ujuzi. Asiye na ujuzi humfichia upungufu wake mpaka siku mfumo unapoanguka.

Wanaodhani kwamba jambo hili ni dogo na waikumbuke historia. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mashine, utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni, na wananchi walioweza kuusahihisha mfumo walikuwa wachache mno. Mfumo ukashindwa, fedha za umma zikapotea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengi huisimulia habari hiyo kana kwamba Taifa liliiogopa mashine. La hasha! Mashine ilikuwapo, na fedha za kuinunulia zilipatikana. Waliokosekana ni mafundi wa kwetu.

Leo marufuku ya namna ile haiwezekani tena. Mshahara wa mwalimu, malipo ya hospitali, kodi ya mfanyabiashara na fedha za mkulima zilizomo katika simu yake, vyote hupita ndani ya mashine hizo. Ndiyo maana uzembe uliovumilika zamani hauvumiliki sasa.

Tazama kada nyingine. Daktari, baada ya kuhitimu, hutumikia mwaka mmoja wa utarajali chini ya macho ya wakubwa zake. Mhandisi husajiliwa na bodi yake. Mhasibu hupimwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Inakuwaje basi mtu anayezilinda hesabu zote za mhasibu huyo ndani ya seva apimwe kwa karatasi peke yake? Tume ya TEHAMA, iliyoanzishwa mwaka 2015, husajili wataalamu, na hiyo ni hatua njema. Lakini usajili ukiishia kuwa orodha ya vyeti, utakuwa ni kupaka rangi juu ya kutu.

Wapo watakaosema kwamba soko litawachuja wenyewe. Soko huchuja kwa faida yake: huwachukua hodari likawapeleka kwenye mabenki na makampuni ya simu, na halmashauri ya wilaya ikaachiwa wale ambao hawakufundishwa. Wapo pia watakaotaka tuwaite wageni. Hao wamesahau kwamba mgeni, mkataba wake ukiisha, huondoka na ujuzi wake.

Yapasa kufanyike mambo manne. Kwanza, uwepo mtihani mmoja wa Taifa wa vitendo, ambamo mtahiniwa hukabidhiwa mashine mbovu na kutakiwa aifufue. Hata kijana aliyejifunzia mtaani, asiye na cheti lakini mwenye ujuzi, aruhusiwe kuufanya. Pili, kila mhitimu atumikie mwaka mmoja chini ya fundi mzoefu kabla ya kukabidhiwa mfumo wa umma. Tatu, chuo kisicho na maabara kisiruhusiwe kutoa cheti cha kazi hii. Nne, kila mkuu wa ofisi aagize, walau mara moja kila robo mwaka, kumbukumbu zirejeshwe kutoka katika nakala rudufu mbele ya macho yake. Asiyefanya hivyo asimlaumu kijana siku ya maafa, ajilaumu mwenyewe.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitutahadharisha juu ya elimu inayomwandaa mtu kwa ajili ya mtihani badala ya kumwandaa kwa kazi na maisha. Tahadhari hiyo bado inatuhusu, sisi walimu, sisi watumishi na sisi wenye kalamu. Yule mzee wa bahasha atapanda basi tena kuja kuhudumiwa. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitamsaidia kitu.

Mashine tunazo. Sasa tuwafundishe watu.