KIBANO KINAJIREKEBISHA, MSHAHARA HAUJIREKEBISHI

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi katika viwanda vya chuma kunasikika neno moja kutoka ofisini. Mabwana wanatuambia: "Tumewaletea vibano vinavyojirekebisha vyenyewe. Kazi imekuwa nyepesi. Kwa hivyo hesabu ya kila siku itaongezwa." Mahali fulani neno hili limekwisha kubandikwa ukutani, na mahali pengine liko njiani. Chama chetu hakiwezi kunyamaza, maana asiyekuwapo na lake halipo.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, kwa sababu si wanachama wote wanaofanya kazi ya kukereza. Wako ndugu zetu wa stoo, wa kuchomelea na wa malori, na wao pia watatakiwa kusimama nasi. Mtu hawezi kusimamia jambo asilolijua.

Chuma kikikerezwa au kutobolewa lazima kishikwe imara. Kwenye mashine ya kukereza kinashikwa na chaki. Hatusemi chaki ya kuandikia ubaoni. Tunasema ile ngumi ya chuma yenye meno, inayozunguka pamoja na kazi. Iko chaki ya meno manne, kila jino linakwenda peke yake. Fundi hulegeza hili, hukaza lile, hupima, hurudia, mpaka chuma kikae katikati sawasawa. Iko chaki ya meno matatu. Ndani yake mna bamba lenye mfereji uliojizungusha kama gamba la konokono. Ukizungusha ufunguo mmoja, meno yote yanakwenda pamoja na chuma kinajiweka katikati. Hii si ajabu ya leo. Mafundi waliijua tangu karne ya 19. Jambo jipya katika karakana zetu ni kwamba ufunguo umeondolewa. Fundi anakanyaga pedali, hewa yenye presha inavuta meno, na chuma kimebanwa kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

Kwenye mashine ya kutoboa kuna kibano cha mkono chenye kiungo kama goti. Goti likinyooka na kupita kidogo, linajifunga. Kibano cha zamani kilikuwa na shida yake: chuma kikiwa kinene zaidi, mkono haufungi, kikiwa chembamba, mkono unafunga lakini haubani. Kila mara fundi alishika spana kurekebisha skrubu na nati. Kibano kipya kinafuata unene wa chuma chenyewe, na nguvu ya kubana inabaki karibu ile ile.

Tunasema wazi, bila kuficha: hivi ni vyombo vizuri. Sisi si maadui wa mashine. Tunajua mtu anayeshika chuma kwa mkono chini ya keekee anacheza na kifo. Keekee inapotokea upande wa pili hunasa, chuma huzunguka nayo, na vidole hukatika. Kibano kizuri kinaokoa vidole. Tena vyombo vingi vya namna hii vilitokana na maumivu ya mafundi wenyewe. Mwaka 1902 huko Marekani, Arthur Irving Jacobs alipewa hati ya uvumbuzi wa chaki inayofungwa kwa ufunguo wenye meno. Inasimuliwa kwamba alikuwa amechoka kuchubua vifundo vya vidole vyake kwa spana. Chaki yake hushika keekee, haishiki chuma kinachotobolewa, lakini fundisho ni moja: chombo cha kubania ni mali ya akili ya fundi kabla hakijawa mali ya mwenye kiwanda. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba ametufanyia hisani.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuchukue karakana moja ya Nairobi. Hatuitaji jina, maana mazungumzo hayajakwisha. Wanachama wetu hapo wanakereza bushi. Zamani bushi moja ilichukua dakika 10: dakika 3 za kuweka na kurekebisha, dakika 7 za kisu kukata. Katika saa 8 mtu alitoa bushi 48. Ikaja chaki ya hewa. Kuweka sasa ni nusu dakika. Kisu kinakata kwa dakika zile zile 7. Jumla ni dakika 7 na nusu. Kwa hesabu ya shule ya msingi, saa 8 zitatoa bushi 64, kama mtu hanywi chai wala haendi choo.

Mwenye kiwanda angeandika 64, tungekuwa na la kuzungumza naye. Ziada ya 16 ni theluthi nzima ya kazi ya zamani, na tungemwuliza: theluthi hii ni ya nani? Lakini karatasi iliyobandikwa ukutani haisemi 64. Inasema 80.

Ndugu, gawanyeni wenyewe. Saa 8 ni dakika 480. Bushi 80 katika dakika 480 ni dakika 6 kwa kila moja. Kisu peke yake kinataka 7. Chaki haijamsaidia kisu hata kidogo. Chaki inapunguza muda wa kuweka, haipunguzi muda wa kukata. Basi dakika hiyo moja na nusu iliyokosekana itatoka wapi? Itatoka mahali pamoja tu: fundi ataongeza mwendo wa mashine.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Tunawaomba wakubwa wasome sehemu hii mara mbili.

Meno ya chaki yana uzito. Yakizungushwa, yanataka kukimbilia nje, kama maji yanavyokimbilia nje ukizungusha ndoo. Nguvu hiyo ya kukimbia haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ukitoka mizunguko 1,000 kwa dakika ukafika 1,500, nguvu ya kutoka nje imekuwa mara mbili na robo. Chuma kikiwa kimebanwa kwa nje, nguvu hiyo yote inatolewa katika nguvu ya kubana. Maana yake, chaki iliyoshika sana wakati imesimama inashika kidogo wakati inakimbia. Geji ya hewa ukutani haitakuonya, kwa kuwa presha ya hewa haikupungua. Ndiyo sababu watengenezaji huandika usoni mwa chaki mwisho wa mwendo wake, na mwisho huo ni wa chaki iliyo safi na yenye grisi, haukupimwa kwa chaki iliyochakaa miaka kumi.

Kwa hivyo karatasi ile ya 80, kwa maneno mengine, inasema hivi: "Tumekuleteeni chombo cha kushika chuma, na sasa tunakuamuruni mkitumie kwa namna inayokifanya kisishike." Chuma cha kilo 4 kikichomoka katika mwendo huo hakichagui msimamizi na mfanyakazi. Lakini sote tunajua nani anasimama mbele ya mashine na nani anakaa nyuma ya kioo.

Tena wanasema kazi imekuwa nyepesi. Aisifuye mvua imemnyea. Waje wakereze siku moja. Zile dakika 3 za kurekebisha ndizo zilizokuwa pumzi ya mgongo. Hata kwa hesabu ya haki ya 64, fundi anainua bushi 16 zaidi, kilo 64 zaidi za kupandisha kwenye mashine, na karibu kilo hizo hizo tena za kushusha. Mkono ambao zamani ulizungusha ufunguo sasa unainua. Jasho halikuondoka, limebadilisha mlango tu.

Liko neno la tatu, nalo ni baya kuliko yote. Katika karakana nyingine wakubwa wamesema: "Chombo kinajirekebisha, basi hatuhitaji fundi wa daraja la kwanza. Kijana yeyote atakanyaga pedali." Kwa neno hili wanataka kushusha madaraja, na daraja likishuka mshahara unashuka nalo. Sisi tunauliza: ni nani atakayejua kwamba bomba jembamba likibanwa kwa nguvu zote litapindika, na baada ya kukerezwa na kufunguliwa halitakuwa duara tena? Ni nani atakayepunguza presha hiyo? Ni nani atakayesikia kwa sikio kwamba meno yameanza kuteleza? Ni nani atakayejua kwamba vipande vidogo vya chuma vimeingia nyuma ya meno, na chaki inayojiweka katikati sasa inajiweka kando? Kibano cha goti nacho kinafuata unene kwa kiasi chake tu. Nje ya kiasi hicho hakijirekebishi, na hakina mdomo wa kusema. Chombo hakina macho. Macho ni ya fundi, na macho hayo ndiyo yanayolipwa kwa daraja.

Kisha ajali ikitokea, mnajua kitakachoandikwa. Kitaandikwa "uzembe wa mfanyakazi." Haitaandikwa kwamba kompresa ilikuwa dhaifu, wala kwamba presha ilishuka na hapakuwa na kifaa cha kuzima mashine presha inaposhuka. Haitaandikwa kwamba hesabu ilikuwa 80.

Ndugu, jueni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi aweke mitambo na taratibu zisizo na hatari, na awafundishe watu. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na halmashauri ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao humo. Mfanyakazi akiona hatari kubwa, ni wajibu wake kumwarifu msimamizi, na mwenye kiwanda hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo haimnyimi mtu fidia kwa sababu ameitwa mzembe. Inazungumza juu ya makosa ya kukusudia. Basi mtu asitie sahihi karatasi yoyote ya ajali kabla ya kumwona mjumbe wa chama. Na kama wanataka kupunguza watu kwa kisingizio cha chombo kipya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inawataka waandikie chama na ofisa wa kazi mwezi mmoja kabla, waeleze sababu, na walipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Karatasi ya ukutani si barua kwa chama.

Lakini sheria peke yake ni kama jiliwa lisilo na mkono wa kukazia. Lipo mezani, taya zake ni nzuri, halibani kitu mpaka mtu alikaze. Mkono wa kukazia ni sisi.

Haya ndiyo tunayoyataka, na ndiyo wajumbe wetu watakayoyapeleka mezani:

1. Hesabu ya siku isipangwe ofisini. Ipimwe kwenye mashine, mbele ya mjumbe wa chama, kwa mwendo ulioandikwa kwenye chaki, pamoja na saa ya chai na muda wa kusafisha.

2. Dakika zilizookolewa zigawanywe. Sehemu iwe mapumziko, sehemu iongezwe kwenye malipo. Kama ziada ni bushi 16, mfanyakazi aone ziada hiyo katika bahasha yake.

3. Daraja la fundi lisishushwe kwa sababu ya chombo kipya, na mtu mmoja asipewe mashine mbili kabla ya mapatano.

4. Kila chaki ya hewa iwe na kifaa cha kusimamisha mashine presha inaposhuka. Nguvu ya kubana ipimwe kwa kipimo chake kila mara kwa siku zilizopangwa, na matokeo yaandikwe katika kitabu ambacho mjumbe anaweza kukisoma.

5. Muda wa kusafisha na kutia grisi uwe ndani ya saa za kazi, usiibiwe katika saa ya chakula.

6. Karatasi ya 80 iondolewe ukutani kwanza, ndipo tuzungumze.

Mabwana watasema tunarudisha nyuma maendeleo ya viwanda vya Kenya. Hapana. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya hali nzuri ya kazi, na inakipa chama haki ya kupatana na mwajiri. Maendeleo yanayomla fundi vidole si maendeleo. Wameweza kununua chuma kinachojua kujirekebisha kikikutana na unene mpya. Tunawaomba na wao wajifunze kwa chuma hicho: wamekutana na hali mpya, basi warekebishe mshahara na hesabu kama kibano kinavyojirekebisha.

Kwa sasa, kila tawi liitishe mkutano. Kila mkereza aandike kwenye daftari lake mwendo uliosomeka kwenye chaki yake, muda wa kuweka, muda wa kukata, na idadi aliyotoa kwa siku. Aandike kwa siku 6 mfululizo, ampe mjumbe. Wasioweza kuandika wasaidiwe na wenzao. Wajumbe wetu wataingia mezani na hesabu hizo mkononi, na mwenye kiwanda atajibu hesabu kwa hesabu. Mpaka siku hiyo, mtu yeyote asipitishe mwendo ulioandikwa kwenye chaki, hata akitishwa. Akitishwa, asijibu peke yake. Amwite mjumbe, na wenzake wasimame pamoja naye.

Umoja ni nguvu.

Halmashauri ya Chama