Kabla ya kumchagulia mtoto mkondo, choma bambo

Mfanyabiashara wa maharage anayekuja Mbeya kuchukua mzigo hanunui gunia kwa kulitazama nje. Anachukua bambo, analichoma gunia ubavuni, anamwaga punje kiganjani na kuangalia kama zina unyevu, kama zina wadudu, na kama zimechanganywa na za msimu uliopita. Akiridhika ndipo anapotaja bei. Lumbesa haimbabaishi, kwa sababu anajua kwamba kilima cha juu ya gunia hakisemi lolote kuhusu kilichomo chini.

Mfanyabiashara huyohuyo, mtoto wake akimletea fomu ya kuchagua masomo, anaisaini akiwa amesimama nyuma ya kaunta huku mteja akisubiri chenji. Haulizi mwalimu wa somo hilo yupo au hayupo. Haulizi kama shule ina karakana au ina kibao tu kilichoandikwa karakana. Baada ya miaka minne ndipo anashangaa kwamba amelipa nauli, sare, michango na pengine ada, na mkononi hana kitu kinachouzika.

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumzia mahindi, mbao na hisa. Leo naomba wasomaji mniruhusu nizungumzie uchaguzi wa masomo ya sekondari, kwa sababu huo nao ni uwekezaji, tena kwa familia nyingi za Mbeya na Iringa ni mkubwa kuliko duka lenyewe.

Kilichobadilika

Januari 2024 nchi ilianza kutumia mtaala mpya uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Kidato cha kwanza sasa kina mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Mkondo wa amali humwingiza mwanafunzi katika fani kama umeme, uashi, useremala, ufundi magari, ushonaji na kilimo, pamoja na masomo ya kawaida. Elimu ya biashara nayo imewekwa kuwa somo la lazima. Machi 2024 serikali ikatangaza tahasusi mpya 49 za kidato cha tano, jumla zikawa 65.

Mlango, basi, umekuwa mpana. Lakini pia unakaribia kubanwa. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wamepangiwa kumaliza shule ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo wenzao wa mtaala wa zamani wanamaliza darasa la saba. Kwa ratiba hiyo, Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Kila muuza mahindi anajua kinachotokea mizigo miwili inapofika sokoni siku moja: asiyejua anachotaka hupewa kilichobaki.

Fundisho la michepuo

Wazee watasema hili si jambo jipya, na wana haki. Baada ya Mwalimu Nyerere kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, sekondari zetu ziliwekewa michepuo katika miaka ya 1970: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Nyanda za Juu Kusini hazikuwa nyuma. Ifunda, iliyoanza kama shule ya ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950 enzi za mkoloni, na Iyunga ya Mbeya, zote zimo katika orodha ya shule za sekondari za ufundi zinazojulikana nchini. Mwaka 1986 Mbeya ikapata Chuo cha Ufundi kwa msaada wa Urusi ya zamani, kikageuzwa kuwa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia mwaka 2005, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu tunachokiita MUST.

Kwa nini basi leo tunaanza tena kama vile hatukuwahi kuanza? Jibu haliko katika majina ya masomo. Michepuo ilidhoofu kwa sababu mashine ziliharibika zikakosa vipuri, walimu wa ufundi waliostaafu hawakupata warithi, na shule nyingi zilibaki na jembe badala ya kilimo na ubao badala ya karakana. Sera nazo zilikuwa zikipinda njiani: mwaka 2005 masomo ya fizikia na kemia yaliunganishwa kuwa somo moja, na muda mfupi baadaye yakatenganishwa tena. Mtoto aliyekuwa darasani wakati huo hakurudishiwa muda wake.

Mimi mwenyewe nilichagua masomo ya biashara. Katika shule niliyosoma, tulikaa muhula mzima bila mwalimu wa utunzaji wa vitabu vya hesabu, tukinakili madaftari ya waliotutangulia pamoja na makosa yao. Kwenye cheti changu somo hilo limeandikwa kwa herufi zilezile zilizoandikwa kwenye cheti cha mwenzangu aliyefundishwa na mwalimu mzuri. Tofauti ilionekana siku ya kwanza tulipopewa leja halisi.

Hoja yangu ni hiyo. Mzazi asinunue jina la mkondo. Anunue mwalimu, karakana na njia ya kutokea.

Soko linasema nini

Tuache hisia, tuangalie biashara inayopita mbele ya macho yetu. Mafinga inaishi kwa mbao za Sao Hill, shamba la miti kubwa kuliko yote nchini. Mbao mbichi huuzwa kwa bei ya mbao mbichi. Iliyokaushwa vizuri, ikapangwa madaraja na kupasuliwa kwa msumeno ulionolewa sawasawa, ina soko jingine kabisa. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo mshahara wa fundi anayejua tanuri la kukaushia na anayejua kunoa msumeno. Asipopatikana, tofauti hiyo inalipwa kwingine.

Chukua parachichi za Rungwe na Njombe. Novemba 2022 Tanzania ilitiliana saini na China makubaliano ya kupeleka zao hilo huko. Mnunuzi wa mbali hataki tunda tu. Anataka shamba lililosajiliwa, kituo cha kufungashia kilicho safi, kumbukumbu zilizoandikwa na chumba cha baridi kisichozimika. Kompresa ya chumba cha baridi ikifa usiku, mwenye mzigo hamtafuti mhitimu wa shahada. Anamtafuta fundi wa majokofu. Kama fundi huyo inabidi atoke Dar es Salaam, mwenye mzigo atalipa nauli, malazi na ufundi, na parachichi hazitamsubiri.

Nenda Mbarali kwenye mpunga wa umwagiliaji, utakuta pampu na mashine za kukoboa. Nenda Tunduma, utakuta malori na makaratasi ya forodha yanayohitaji mtu anayejua ushuru, bima na hesabu za fedha za kigeni. Nenda kwenye maziwa Iringa au kwenye chai Mufindi, utakuta umeme wa viwandani, boila na vipimo vya maabara. Kazi zote hizo ziko ndani ya safari ya basi ya siku moja, na kila moja ina somo lake la sekondari linaloanzia.

Hofu ya mzazi

Najua jibu la wazazi wengi. Watasema amali ni ya waliofeli, kwamba mtoto mwenye akili apelekwe sayansi akawe daktari, au biashara akakae ofisini. Siwacheki. Hofu hiyo ilijengwa na soko. Kwa miaka mingi mwajiri mkubwa alikuwa serikali na mashirika yake, na cheti cha darasani kilikuwa tiketi ya kuajiriwa. Hapa Mbeya palikuwa na kiwanda cha Zana za Kilimo, ZZK, na vijana walikuwa wakihesabu kwamba wakimaliza shule nafasi ipo. Kisha yakaja mageuzi ya miaka ya 1990: mashirika yakauzwa au yakafa, ZZK nayo ikasimama, na serikali ikapunguza wafanyakazi. Soko lililotufundisha kudharau ufundi lilifungwa, lakini sisi tumebaki na orodha yake ya bei.

Nasema haya nikiwa mhitimu wa biashara, kwa hiyo nazungumza dhidi ya bidhaa yangu mwenyewe. Wapo niliosoma nao wenye shahada safi ambao leo ni mawakala wa fedha kwa simu au wanauza mitumba. Hiyo ni kazi halali, lakini haikuhitaji shahada. Wapo pia wanaofanya vizuri sana katika uhasibu na mabenki. Kwa hiyo sisemi biashara ni mbaya na amali ni nzuri. Ninachokataa ni kumpeleka mtoto mahali kwa sababu ya heshima ya jina.

Vilevile sitaki mzazi akimbilie amali kwa upofu uleule. Shule inayotangaza fani ya umeme bila mita ya kupimia umeme inauza lumbesa. Mtoto wa hapo atatoka bila ufundi, na pengine bila alama za kumpeleka kidato cha tano. Huyo amepata hasara pande zote mbili.

Maswali manne

Kwa hiyo kabla ya kusaini, mzazi aende shuleni siku ya kazi, siyo siku ya mahafali, aulize mambo manne.

Kwanza, mwalimu. Anaitwa nani, amesomea nini, na amekaa hapo muda gani? Kama mwalimu wa fani ni mmoja tu, akihama fani imehama naye.

Pili, karakana. Omba kuiona ikiwa inafanya kazi. Uliza wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja, na malighafi ya mazoezi inatoka wapi. Karakana isiyo na takataka sakafuni haitumiki.

Tatu, cheti. Uliza mwanafunzi atapimwa na nani katika fani yake, na cheti hicho kinatambuliwa na NACTVET au hakitambuliwi.

Nne, njia ya kupanda. Fundi mzuri asifungiwe chini. Uliza kama masomo anayosoma yatamruhusu kuingia chuo cha kati, awe fundi sanifu, na baadaye mhandisi akitaka. Njia hiyo ipo: katika bajeti ya mwaka 2023/24 serikali ilitangaza kufuta ada katika vyuo vya ufundi vya DIT, ATC na MUST, na mwaka huohuo mikopo ya elimu ya juu ikaanza kutolewa kwa baadhi ya kozi za stashahada. Lakini njia hiyo inapita kwenye hisabati, somo ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiongoza kwa kufelisha katika mtihani wa kidato cha nne. Mtoto anayekimbilia amali ili akwepe hisabati atakutana nayo kwenye kipenyo cha bomba na kwenye mzigo wa waya.

Mzazi ambaye mtoto wake amepangiwa shule ya serikali atasema hana la kuchagua. Hilo si kweli kabisa. Anachagua masomo baada ya kidato cha pili, anachagua tahasusi na vyuo baada ya kidato cha nne, na likizo zote za katikati ni zake. Mtoto aliyekaa wiki tatu kwenye karakana ya jirani anajua kama grisi inamfaa. Na aulizwe mwenyewe. Punda wa kulazimishwa hafiki mbali na mzigo.

Zamu yetu wafanyabiashara

Mwisho, tusimwachie mwalimu peke yake. Tangu sheria ya VETA ya mwaka 1994, waajiri wakubwa wamekuwa wakilipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kutokana na mishahara wanayolipa. Tumezoea kuinung'unikia kama kodi nyingine. Ni afadhali tuidai kama mteja anavyodai mzigo aliolipia: tukae na vyuo vya VETA na shule za mikoa yetu, tuwaambie ni mafundi gani tunawakosa, na tuwafungulie vijana milango wafanye mazoezi kwetu. Mwenye kiwanda cha mbao Mafinga anayempa mwanafunzi miezi miwili kwenye msumeno anajichagulia fundi wa kesho kwa gharama ya chai na chakula cha mchana.

Asiyefanya hivyo ataendelea kupiga simu Dar es Salaam kompresa ikizima. Na mtoto wake mwenyewe, aliyemsainia fomu akiwa amesimama, huenda atakuwa amekaa nyumbani na cheti ndani ya bahasha, akisikiliza baba anavyobishana na fundi wa kutoka mbali kuhusu bei.

Msimu wa kuchagua ukifika, ndugu msomaji, funga duka kwa nusu siku uende shuleni. Hasara ya nusu siku inafidika Jumamosi.