Kubadilisha Kipuri Si Kurekebisha

Nimekuwa kimya kwa majuma sita, na baadhi yenu mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na injini ya pikipiki juu ya meza ya jikoni, na kila nilipotaka kugusa kibodi vidole vilikuwa vimejaa grisi. Leo nimenawa mikono na nina jambo la kusema. Litawaudhi mafundi kidogo, litatuudhi sisi watu wa programu zaidi, na wateja litawaudhi kuliko wote.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT175 ya baba yangu. Mzee alikuwa afisa wa kilimo huko Taita, na kwa miaka zaidi ya ishirini alipanda nayo milima kutoka Voi hadi Wundanyi na vijiji vya juu zaidi. Mimi mwenyewe nilijifunza kubadilisha gia juu ya tangi lake. Kisha siku moja, katikati ya mlima, injini ikanoki. Pistoni ilishika ndani ya silinda, kiki ikawa ngumu kama jiwe.

Fundi wa kwanza aliweka pistoni mpya na ringi mpya, silinda ikachongwa kwa robo milimita. Akasema mkosaji ni pampu ya mafuta, akaikata na kumwambia mzee awe anachanganya mafuta na petroli kwenye tangi. Ikaenda miezi minne, ikanoki. Fundi wa pili akaweka pistoni nyingine, silinda ikachongwa tena hadi nusu milimita, kabureta ikasafishwa. Majuma matatu, ikanoki. Fundi wa tatu hakufungua hata skrubu moja. Aliitazama akasema, "Mzee, hii imekwisha. Uza kwa kilo."

Baba akanipigia simu. "Mwanangu, kama unaitaka njoo uichukue. Mimi nimechoka kuizika."

Nikaileta Nairobi nyuma ya pikapu.

Sasa, kabla sijaanza kugombana na mtu, acha nieleze injini hii inavyofanya kazi, maana ugomvi wangu wote umo humo.

Injini ya mipigo miwili haina valvu kichwani kama za boda boda za siku hizi. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikipanda na kushuka hufunika na kufunua matundu yaliyo ukutani mwa silinda. Inapopanda, inavuta chini yake mchanganyiko wa hewa na petroli kutoka kabureta, kupitia vilimi vyembamba, hadi ndani ya nyumba ya krenki. Inaposhuka, vilimi vinajifunga, mchanganyiko unabanwa, halafu unasukumwa juu ya pistoni ukachomwe. Kwa hivyo ile nyumba ya krenki ni pampu, si kopo la kuhifadhi krenki tu. Na pampu ikivuja haiwezi kufanya kazi yake.

Krenki inatoka nje pande mbili, na kila upande una sili ya mpira. Upande wa klachi sili imekaa ndani ya mafuta ya gia. Ikivuja, injini inakunywa mafuta hayo, na utaona moshi mzito huku mafuta ya gia yakipungua. Upande wa magneto ni mkavu. Sili ya huko ikivuja, injini inavuta hewa tupu ambayo kabureta haina habari nayo. Hewa inazidi, petroli inakuwa haba, moto unakuwa mkali. Pistoni ni ya alumini, silinda ni ya chuma, na alumini inapopata joto hutanuka zaidi ya chuma. Nafasi kati yao ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

Nilipomuuliza mzee injini ilikuwa na tabia gani kabla ya kunoki, alijibu bila kufikiri: "Ikipata moto, nikiachia mkono haishuki. Inaendelea kulia juu peke yake." Nikamuuliza kama aliwaambia mafundi. Aliwaambia wote watatu.

Jamani! Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Injini inayoendelea kulia juu baada ya mkono kuachiwa inakuambia kuna hewa inaingia pasipostahili. Mzee alitoa taarifa kamili ya hitilafu, na hakuna aliyeiandika.

Basi nikafanya jaribio kabla ya kufungua chochote. Niliziba njia ya kabureta na njia ya egzosi kwa mpira wa tyubu na vibano. Mama watoto ni muuguzi na alikuwa na kipimo cha presha cha zamani, kile cha kubinya kwa mkono. Nikaunganisha mpira wake mahali pa plagi, pistoni ikiwa chini ili matundu yawe wazi, nikabinya hadi 250. Hiyo ni kama paundi 5 kwa inchi mraba, inatosha. Nyumba ya krenki iliyo nzima hushikilia presha hiyo kwa dakika kadhaa. Yetu haikufika hata kuhesabu kumi, sindano ilikuwa imelala. Nikaondoa flaiwili kwa pula yake, nikapaka maji ya sabuni kwa brashi, nikabinya tena. Mapovu yakachemka kuzunguka sili ya magneto.

Kipande cha mpira. Bei yake ni chini ya chakula cha mchana cha watu wawili hapa mjini. Kilikuwa kimeua pistoni tatu.

Nililazimika kuifungua injini yote hata hivyo, kwa sababu ikishika mara tatu vipande vya alumini huanguka chini na kuingia kwenye beringi. Sitawachosha na kila hatua. Nitataja mambo manne tu kwa anayetaka kujaribu nyumbani.

Kwanza, skrubu za Kijapani zina kichwa kinachofanana na cha msalaba wa kawaida lakini si sawa. Bisibisi ya kawaida inaruka na kukila kichwa. Tafuta bisibisi yake, au ile ya kugonga kwa nyundo.

Pili, usitenganishe nusu mbili za injini kwa kuingiza bisibisi katikati na kubanjua. Uso huo ndio unaozuia hewa. Ukiukwaruza umetengeneza uvujaji mpya kwa mkono wako. Tumia pula.

Tatu, beringi hazipigwi nyundo. Nililaza beringi kwenye friza usiku kucha, nikapasha moto nusu ya injini ndani ya oveni hadi nyuzi 100 hivi, na zikaanguka mahali pake zenyewe. (Oveni ilinuka mafuta kwa siku tatu. Hilo ni gumzo jingine, nalo bado halijaisha.)

Nne, klipu za pini ya pistoni hazirudishwi, weka mpya. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee egzosi. Kila skrubu iwe na shimo lake kwenye trei ya mayai, na kila hatua ipigwe picha kwa simu.

Kwa muda huo wote hasira ilikuwa inanipanda, nikiwalaumu wale mafundi watatu. Mpaka usiku mmoja nikiwa nasugua silinda nikakumbuka seva.

Kuna mteja ambaye seva yake ilikuwa inazimika kila baada ya siku chache. Mara ya kwanza tuliiwasha upya. Mara ya pili tuliiwasha upya. Mara ya tano tukamwambia mteja anunue kumbukumbu zaidi, akanunua. Ikachukua siku nyingi kidogo kabla ya kuzimika, sote tukapongezana. Mwishowe mimi, kwa mkono wangu huu, niliandika amri ya kuiwasha upya kila usiku saa nane, nikaiita suluhisho. Miezi mitano baadaye kijana aliyekuja kwetu kujifunza kazi akasoma logi, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amemwagiza, akagundua kwamba programu yetu ilikuwa inafungua miunganisho ya hifadhidata bila kuifunga. Dawa ilikuwa mstari mmoja.

Kuwasha upya ni kuweka pistoni mpya. Kuongeza kumbukumbu ni kuchonga silinda iwe kubwa zaidi. Na logi zilikuwa zinalia kama mzee alivyolia, hakuna aliyesikiliza. Tofauti kati yangu na fundi wa kando ya barabara ni kwamba mimi nina kiti cha kuzunguka na cheo chenye neno "mwandamizi".

Kwa nini tunafanya hivi? Wengi watasema ni ujinga, au uvivu. Mimi nakataa. Fundi wa pili nilienda kumwona. Nilimweleza kuhusu sili, akaniambia, "Mkubwa, hiyo naijua. Lakini mtu akileta pikipiki analipia pistoni. Nikimwambia nimekaa saa tatu nikitafuta, anaona nimemwibia."

Hapo ndipo ugomvi wangu unapolala. Tunalipia kipuri, hatulipii kufikiri. Kipuri kina boksi, kina risiti, mteja anakishika. Saa tatu za kutafuta chanzo hazina boksi. Kwa hivyo fundi anayetafuta chanzo anakufa njaa, na anayebadilisha pistoni anajenga nyumba. Meneja wa programu naye ni vile vile: anahesabu tiketi zilizofungwa. Kuwasha upya seva kunafunga tiketi kwa dakika mbili. Kutafuta chanzo kunaiacha wazi siku tatu. Halafu tunashangaa kwa nini mifumo yetu inaanguka.

Najua mtakachosema. "Kwa nini usinunue mpya tu?" Kwa sababu mpya nayo itaharibika, na mtu anayejua kubadilisha tu hataweza kuitengeneza pia. Nitakupa mfano. Mwaka 1939 kampuni ya DKW ya Ujerumani ilitoa pikipiki ndogo ya mipigo miwili, RT125. Baada ya vita, michoro yake ikawa kama programu huria kwa lazima: Waingereza wakatoa BSA Bantam kutokana nayo, Wasovieti wakatoa yao, Harley-Davidson wakatoa yao. Na mwaka 1955 huko Japani kampuni iliyojulikana kwa piano na vinanda ikatoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, iliyofuata muundo huo huo. Kampuni hiyo ni Yamaha. Kizazi cha DT ya mzee kinaanzia kwa watu waliokaa na injini ya mwingine, wakaipima, na kuuliza kila kipande kiko pale kwa sababu gani. Hawakukomea kuuliza duka la vipuri liko wapi.

"Lakini injini hizo zinachafua hewa." Kweli, na sibishi. Matundu ya kuingia na ya kutoka hufunguka kwa wakati mmoja, kwa hivyo petroli mbichi hutoroka kwa egzosi, na mafuta yanachomwa humo humo. Sisemi mji mzima urudi huko. Baba anaipanda Jumapili. Ninachosema kinahusu pikipiki ya umeme ya kesho sawasawa na hii ya jana. Betri ikikataa kuchaji, tutauliza kwa nini, au tutauliza bei ya nyingine?

Kwa hivyo nina ombi. Mara nyingine mtu akikuambia "nunua kipuri", iwe ni fundi wa pikipiki, wa tarakilishi au mimi, muulize maswali matatu. Cha zamani kimekufa kwa sababu gani? Dalili gani inaonyesha hivyo? Jaribio gani litathibitisha kabla sijatoa pesa? Akiwa na majibu, mlipe kwa majibu hayo, hata kama mwishowe kipuri chenyewe ni cha shilingi mia mbili. Mlipe vizuri. La sivyo usimlaumu akikuuzia pistoni.

Nanyi wenzangu wa programu, futeni ile amri ya saa nane usiku. Mnaijua. Kila ofisi inayo.

Jumamosi iliyopita niliirudisha Voi. Silinda sasa iko kwenye robo tatu ya milimita, na hakuna chuma kingi kilichobaki cha kuchongwa. Wakichonga tena mara moja, itakuwa ya kilo kweli. Pampu ya mafuta nimeirudisha na kuitoa hewa. Mzee alipiga kiki ya saba, ikawaka. Akaipanda hadi Wundanyi na kurudi, mimi nikimfuata nyuma kwa gari moyo ukinidunda kila kona. Aliposimama hakushuka. Alizungusha mkono, akaachia, akainamisha kichwa kusikiliza. Akarudia tena.

"Inashuka," akasema.

Haya basi. Narudi kwenye kibodi, nina logi za kusoma.