Karamu ya Gavana Haikuwa Ajali

Kiongozi akikutwa katika kosa la anasa, utetezi wake wa kwanza huwa kwamba aliteleza. Neno hili lina huruma ndani yake, kwa kuwa hakuna mwanadamu ambaye hajapata kuteleza, na msikilizaji hujikuta amekwisha kusamehe kabla hajauliza lolote. Lakini yapo makosa ambayo mtu hawezi kuyatenda kwa kuteleza, na karamu ni mojawapo. Mtu anaweza kuteleza akatamka neno asilolikusudia, au akatia saini karatasi asiyoisoma vizuri. Hawezi kuteleza akajikuta amevaa suti, amesafiri zaidi ya saa moja kwenda shamba, na ameketi mbele ya sahani ya kwanza kati ya tisa.

Ijumaa, tarehe 6 Novemba 2020, Gavana Gavin Newsom wa jimbo la California nchini Marekani alikwenda pamoja na mkewe kula chakula katika mkahawa uitwao The French Laundry, ulioko Yountville, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu katika bonde la Napa. Iliadhimishwa siku ambayo mshauri wake wa kisiasa alitimiza umri wa miaka 50. Na mshauri huyo, pamoja na urafiki, ana kazi nyingine ya kuyasemea makampuni mbele ya Serikali hiyo hiyo. Mezani walikuwapo watu wasiopungua 12, wakiwamo viongozi wa Chama cha Madaktari cha California. Wakati huo ugonjwa wa korona ulikuwa umekwisha kuua watu karibu 18,000 katika jimbo hilo. Mwezi mmoja tu kabla yake, Serikali ya Gavana ilikuwa imewaelekeza wananchi kwamba katika mikusanyiko yao ya binafsi wasikutane watu wa kaya zaidi ya tatu, wakutane nje, na wasizidishe saa mbili.

Saa mbili! Katika mkahawa ule saa mbili hazitoshi kuufikia mlo wa tamu.

Yafaa ieleweke mahali penyewe ni pa namna gani, kwa maana hapa ndipo utetezi wa kuteleza unapokufa. Jengo ni la mawe, la zamani, ambalo liliwahi kuwa kilabu cha pombe na baadaye nyumba ya udobi; ndiyo asili ya jina lake. Mpishi Thomas Keller alilinunua mwaka 1994, na tangu mwaka 2006 mkahawa huo umo katika daraja la nyota tatu za kitabu cha Michelin. Watu wengi huzitaja nyota hizo kama kwamba zilishushwa kutoka mbinguni. Michelin ni kampuni ya matairi ya Kifaransa. Ilianza kutoa kitabu hicho mwaka 1900 ili wenye magari, ambao walikuwa wachache sana, wapate sababu ya kusafiri mbali, na kwa kusafiri walimalize tairi wakanunue jingine. Hata hivi leo maana ya nyota tatu ni kwamba chakula cha mahali hapo chastahili kufungiwa safari ya peke yake. Hakuna mtu anayepita njia akaingia kwa sababu njaa imemshika.

Mwenye kutaka kula huko huanza kazi mapema. Hutafuta nafasi kabla ya siku yenyewe, na nafasi hugombaniwa. Huilipia meza kabla hajaionja supu. Wakati ule kichwa kimoja kiligharimu zaidi ya dola 300, mbali ya mvinyo, na mvinyo katika nyumba za aina hiyo huweza kukishinda chakula kwa bei. Ng'ambo ya barabara iko bustani ya ekari kama tatu inayolimwa kwa ajili ya jikoni humo, ili jani litoke ardhini na kufika sahanini siku hiyo hiyo. Idadi ya wageni hutajwa mapema, kwa kuwa jikoni hupimwa kila kitu kwa mtu mmoja mmoja.

Sasa yalinganishwe hayo na maneno ya Gavana mwenyewe. Gazeti la San Francisco Chronicle lilipoifichua habari hiyo tarehe 13 Novemba, ofisi yake ilieleza kwamba kanuni za mikahawa zilifuatwa. Siku tatu baadaye Gavana aliomba radhi hadharani, akasema kwamba alipofika alikuta watu wengi kuliko alivyotazamia, na kwamba ilimpasa asimame, arudi kwenye gari lake na kwenda zake nyumbani. Radhi ile ilikuwa ya adabu na wengi waliisifu. Lakini ndani yake mlikuwa na kisingizio kilekile cha kuteleza: ati kosa lilianza mlangoni, alipozihesabu sura zilizoketi mezani. Tangu mwaliko ulipotolewa hadi gari lilipowashwa, je, hakuna aliyeuliza ni kaya ngapi zitakazoketi pamoja? Kila afisa aliyepata kuandaa ziara ya mkubwa wake anajua kwamba mkubwa haendi mahali bila kujulikana nani atakuwapo. Kisha picha zikatoka, nazo zikaonyesha watu wameketi bega kwa bega chini ya paa, bila barakoa. Nyumba ilikuwa ya udobi zamani, lakini kitambaa cha meza ile hakikutakata.

Walimu wanayo sababu ya pekee ya kuitazama karamu hii. California ina wanafunzi wapatao milioni sita katika shule za umma, na siku ile sehemu kubwa yao walikuwa wakisomea nyumbani mbele ya kioo cha kompyuta. Asiyekuwa na kompyuta wala mtandao wa uhakika alihesabiwa kuwa yumo darasani kwa jina tu. Watoto wa Gavana walikuwa katika shule ya kulipia. Nao, mwishoni mwa Oktoba mwaka ule, walikuwa wamekwisha kuanza kurudi darasani. Sheria haikuvunjwa. Shule za kulipia zilifunguliwa kwa taratibu zilizokubaliwa, na mzazi ana haki ya kumpeleka mtoto wake apendako. Lakini mwalimu wa shule ya umma aliyekuwa akiyaita majina ya watoto wasioitika alikuwa na haki pia: ya kujiuliza kama mtoa maagizo anaishi katika nchi ile ile.

Na bonde lenyewe lilikuwa katika majonzi. Wiki chache kabla, mwishoni mwa Septemba 2020, moto mkubwa uliopewa jina la Glass ulikuwa umeliunguza. Uliteketeza hata mkahawa mwingine wa nyota tatu, wa Meadowood, huko St. Helena, kaskazini ya Yountville. Nyumba za watu na mashamba yaliungua. Mavuno hayasubiri moshi upite, na wachumaji wa zabibu za Napa, ambao wengi wao ni wahamiaji kutoka Mexico, waliendelea kuchuma katika hewa iliyojaa majivu, huku ugonjwa nao ukiwapitia. Jasho lao ndilo linalomiminwa katika bilauri za mikahawa ile. Mabwanyenye wa mjini huliita bonde hilo mahali pa kupumzikia. Mchumaji hana neno hilo.

Watakuwapo wanasheria watakaosimama hapa na kusema: agizo la kaya tatu lilihusu mikusanyiko ya binafsi, mikahawa ilikuwa na kanuni zake, na katika wilaya ya Napa siku ile mikahawa ilikuwa imeruhusiwa kufunguliwa. Ni kweli. Hoja hiyo iachwe isimame mahali pake, yaani mahakamani. Tatizo lake ni kwamba mtu aliyeitunga kanuni huwa anaijua mianya yake yote, na mwananchi anayeifuata haijui hata mmoja. Bibi kizee aliyekataa kuwaita wajukuu zake mezani hakusoma kifungu; alisikia sauti ya kiongozi ikimwambia akae peke yake, akakaa. Kiongozi anapopita kwenye mwanya, hata kama mwanya ni halali, anamwambia bibi huyo kwamba utii ni wa wale wasio na mwanasheria.

Ireland ilikuwa na kisa cha namna hiyo hiyo miezi mitatu kabla, na mwisho wake ulikuwa tofauti. Tarehe 19 Agosti 2020, watu zaidi ya 80, wakiwamo wabunge, waziri, jaji na mkubwa mmoja wa Umoja wa Ulaya, walikula chakula cha jioni katika hoteli moja ya Clifden, mji mdogo wa shamba kwenye pwani ya magharibi. Walikuwa wakiadhimisha miaka 50 ya chama cha gofu cha Bunge. Siku moja kabla yake, Serikali ilikuwa imetangaza kwamba mikusanyiko ya ndani isizidi watu sita. Waandaaji walikuwa wamefanya hesabu zao: wageni waligawanywa pande mbili za kizuizi, ili kila upande uwe chini ya 50, kiwango cha kanuni ya awali. Hiyo ndiyo karamu iliyopangwa kwa rula. Waziri wa Kilimo, Dara Calleary, aliyekuwa na siku 37 tu katika kazi hiyo, alijiuzulu tarehe 21. Tarehe 26 akafuata Phil Hogan, Kamishna wa Biashara wa Umoja wa Ulaya. Waandaaji wa chakula hicho na wenye hoteli walishtakiwa, na Februari 2022 mahakama ikawaachia huru.

Basi wanasheria walishinda Ireland. Lakini hakuna aliyemrudisha Waziri katika kiti chake cha Kilimo kwa sababu ya hukumu hiyo, na haikustahili. Wananchi wa nchi ile walitambua kwamba mahakama hupima hatia, na uongozi hupimwa kwa kipimo kingine.

California, Gavana alibaki. Wapinzani wake walikuwa wamekwisha kuanza kukusanya saini za kumwondoa kabla ya karamu, nazo zilikuwa chache. Na siku ile ile ya tarehe 6 Novemba jaji aliwaongezea muda hadi Machi 2021. Chakula cha Yountville kikawa zawadi kwao. Saini zilizohitajiwa zilikuwa karibu milioni moja na nusu. Zilipatikana na kuzidi. Kura ikapigwa tarehe 14 Septemba 2021, na asilimia karibu 62 wakakataa aondolewe. Washabiki wake wanasema kura hiyo ilifuta kila kitu. Wanasahau mambo mawili. Kwanza, wengi waliompigia walikuwa wakimkimbia mtu ambaye angechukua nafasi yake, na kura ya kukimbia jirani si cheti cha tabia njema. Pili, kura hiyo iligharimu hazina ya umma kiasi cha dola milioni 200. Kama ipo hesabu kamili ya mlo ule, fedha hizo zimo ndani yake, nazo zililipwa na watu wasiopata hata kuliona jiko lake.

Kisa cha mbali kinasomeka kwa raha, kwa kuwa mwenye aibu si jirani. Lakini mtumishi wa umma wa Tanzania akikaa kitako na kulitazama daftari la ofisi yake ataukuta mpango wa namna hii, hata kama hauna nyota za Michelin. Mkuu wa idara anastaafu, au amepandishwa cheo. Kamati inaundwa saa za kazi. Kadi zinachapwa. Kiwango cha mchango kinaandikwa mbele ya jina la kila mtu, na mwalimu wa daraja la chini hathubutu kukifuta. Ukumbi wa halmashauri upo, bure, viti vinapangika. La, patafutwe hoteli ya kitalii karibu na hifadhi, ambako magari ya Serikali yataegeshwa usiku kucha na vitabu vya safari vitajazwa kwamba kulikuwa na ukaguzi wa mradi. Mwenye duka la vifaa vya ofisi, ambaye zabuni yake inajadiliwa wiki ijayo, amejitolea vinywaji. Hakuna hata hatua moja katika hizo inayoweza kuitwa ajali.

Nchi hii haikukosa maneno juu ya jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea kiburi na kupenda makuu. Miiko ikalegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Mwezi wa Novemba 2015, fedha za tafrija ya Wabunge zilielekezwa kununua vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Wapo waliosema wakati ule kwamba ni maonyesho tu. Waulizwe wagonjwa waliotoka sakafuni.

Hoja ile ya Gavana, kwamba alipaswa kusimama na kuondoka, inawafaa wale wengine waliokuwa mezani kuliko yeye mwenyewe. Viongozi wa madaktari walikuwapo, watu ambao kazi yao ilikuwa kulieleza jimbo jinsi ugonjwa unavyoenea. Walikuwapo washauri, ambao hulipwa ili waone hatari kabla mkubwa hajaiona. Hakuna habari iliyotoka kwamba yeyote kati yao alikisogeza kiti nyuma. Huko ndiko mtumishi wa umma anakopaswa kujitazama, maana wengi hawatakuwa magavana, lakini kila mwaka wanaitwa katika kamati za maandalizi. Mjumbe wa kamati huipata ajenda mapema. Anaiona orodha ya wageni kabla kadi hazijachapwa, anaijua bei ya hoteli kabla ya malipo ya kwanza, na anamjua mwenye vinywaji kwa jina na kwa zabuni. Wakati huo kikao bado kinaendelea, na mwenyekiti anauliza kama kuna mwenye neno.