Anga Lililotakata kwa Gharama ya Mnyonge

Mwanzoni mwa Aprili 2020, wakazi wa Jalandhar, katika jimbo la Punjab nchini India, walipanda juu ya mapaa ya nyumba zao wakaona vilele vya Dhauladhar, safu mojawapo ya milima ya Himalaya. Vilele hivyo vilikuwapo siku zote. Kilichoviziba ni moshi. Picha zake zilienea duniani, na pamoja nazo ikaenea hoja kwamba mwanadamu akifungiwa ndani, dunia hupona. Naipinga hoja hiyo kwa sababu mbili.

Kwanza, takwimu zinaikana. Utafiti ulioongozwa na Corinne Le Quéré, uliochapishwa Mei 2020, ulikadiria kwamba mapema Aprili uzalishaji wa hewa ya ukaa duniani kwa siku ulipungua kwa asilimia 17 ukilinganishwa na wastani wa 2019. Tuitazame takwimu hiyo kwa upande wa pili. Ndege zilikuwa zimeegeshwa, shule zimefungwa, barabara zi tupu. Hata hivyo, asilimia 83 iliendelea kuzalishwa, kwa kuwa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe haikuwekwa karantini. Kufikia 2021, uzalishaji ulikuwa umerejea karibu na kiwango cha 2019. Aidha, gesi ya nitrojeni dayoksaidi itokayo kwenye magari hudumu hewani kwa saa chache tu, ndiyo maana anga lilitakata upesi. Hewa ya ukaa hudumu karne kadhaa na kurundikana. Mei 2020, katikati ya ukimya ule, kituo cha Mauna Loa huko Hawaii kilirekodi wastani wa mwezi uliozidi yote iliyotangulia.

Pili, haki inaikana. Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kufungwa kwa India usiku wa Machi 24, zikiwa zimesalia saa nne tu amri ianze kutumika. Vibarua waliohamia mijini kutafuta riziki walijikuta hawana ujira, chakula wala usafiri. Wengi walitembea mamia ya kilomita kurudi vijijini kwao. Wapo waliofia njiani. Anga lile lililosifiwa lililipiwa na watu waliochangia kidogo mno kulichafua.

Hata hivyo, vilele vya Dhauladhar vina ushahidi mmoja tusioweza kuupuuza: moshi si majaliwa. Ulipungua ndani ya majuma machache, na ulirejea kwa sababu hatukubadilisha chochote kiuzalishacho. Kwa hiyo, mtumishi wa umma anayepanga usafiri wa mji au kuidhinisha mtambo wa umeme ana uwezo wa kutakasa hewa kuliko amri yoyote ya kuwafungia watu. Wanafunzi na wanaharakati nao waelekeze maswali yao huko: umeme wetu unazalishwa kwa nini, na nani aliamua hivyo? Sera inayohitaji maskini alale njaa ili mlima uonekane haistahili kuitwa sera ya mazingira.